Chunusi zako ni za aina gani? Anza na dalili kabla hujanunua dawa

Mtu anasema nina chunusi nipe dawa. Ukimwangalia vizuri unakuta kwenye paji la uso ana vitu vya aina moja, kidevuni vya aina nyingine kabisa, na kule kisogoni ana vipele ambavyo hata chunusi sio. Sasa dawa moja itatibu vipi vitu vitatu? Ndo maana watu wanamaliza hela kwenye vichupa na uso uko vilevile, saa ingine umezidi.

Kwa hiyo hapa tunaenda kwa dalili. Simama kwenye kioo mchana, karibu na dirisha, uso uwe umeoshwa na hujapaka kitu, alafu tafuta kinachofanana na chako.

Kwanza ujue kinachoendelea ndani, nitakuwa mfupi

Kila kinywele kinakaa kwenye kishimo chake na pembeni ya hicho kishimo kuna tezi inayotoa mafuta. Usoni, kifuani na mgongoni kwa juu tezi ni kubwa na nyingi, kwenye viganja na nyayo hazipo kabisa, we umewahi kuona mtu ana chunusi kiganjani? Ukibalehe homoni za kiume ziitwazo androjeni (wanawake nao wanazo, ila kidogo) zinaamsha hizo tezi na mafuta yanaongezeka. Wakati huohuo seli za ngozi zilizokufa ambazo zilitakiwa zitoke nje zenyewe zinagandana, zinachanganyika na mafuta, zinaziba mdomo wa kishimo. Hapo kwenye kioo huoni kitu bado. Hicho kizibo kinaweza kukaa kimya wiki kadhaa, hata miezi miwili, ndo kije kuwa kipele, kwa hiyo kipele kilichotoka leo asubuhi usikisingizie chipsi mayai ya jana usiku.

Alafu kuna bakteria anaitwa Cutibacterium acnes, kwenye vitabu vya zamani utamkuta kama Propionibacterium acnes. Huyu anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, hata yule mwenye uso laini unaomwonea wivu. Shida inaanza kishimo kikizibwa, maana yeye anapenda pasipo na hewa na chakula chake ni hayo mafuta. Akizaliana mwili unaleta seli za ulinzi, eneo linavimba, linauma, linatunga usaha. Aina ya chunusi uliyonayo inategemea tu hayo mambo yamefika hatua gani na yako kina gani.

Vipele vidogo vya rangi ya ngozi, haviumi, unavisikia zaidi ukipitisha kidole

Hiki ni kizibo chenyewe kikiwa bado kimefunikwa na ngozi nyembamba kwa juu. Hakuna usaha wala uvimbe, kwa hiyo ukikiminya hakitoki kitu, unaishia kujichubua tu.

Vikiwa vimejaa kwenye paji la uso na pembeni karibu na masikio, swali la kwanza ni nywele unapaka nini. Mafuta mazito ya nywele, jeli ya kulazia edges, yale ya kupaka mistari ukisuka, yote yanateremka usoni kwa jasho na kwa foronya usiku. Hii sio hadithi ya mitaani, mwaka 1970 madaktari wa ngozi kule Marekani waliiandika kama aina yake ya chunusi baada ya kuiona kwa wanaume weusi waliokuwa wanapaka pomedi kichwani. Cha kufanya: mafuta yaishie mbali na mstari wa nywele, funga kitambaa usiku, badilisha foronya kila wiki, na usitegemee mabadiliko kabla ya mwezi mmoja na nusu hivi maana vizibo vya zamani lazima vimalize safari yao.

Mafuta ya nazi na siagi ya kakao usoni nayo yanaziba kwa baadhi ya watu. Mafuta ya mgando ya kawaida, yale ya petroli, yanalaumiwa sana ila yenyewe kama yenyewe hayaingii kwenye vishimo, mara nyingi mwenye kosa ni kile kilichochanganywa nayo.

Kama mafuta sio sababu basi dawa ya vizibo ni adapalini ya kupaka ya asilimia 0.1, usiku. Mjamzito asiitumie, wala anayetafuta mimba.

Vidoti vyeusi puani na kidevuni

Hapa kishimo kimezibwa ila mdomo uko wazi. Ule weusi sio uchafu, kwa hiyo acha kujisugua na brashi kama unatoa masizi. Ni melanini (rangi ya asili ya ngozi yako) pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa yakabadilika rangi, kama parachichi ulilolikata ukaliacha mezani.

Ila kabla hujaanza vita angalia tena. Kama ni vidoti vya kijivu, bapa, vyote saizi moja, vimepangana pua nzima, na ukiminya kinatoka kiuzi chembamba laini, hivyo sio ugonjwa. Ni njia ya kawaida ya mafuta kutoka, kila mtu anayo, na ukivitoa ndani ya wiki chache vimejaa tena. Zile plasta za kubandika puani na kuvuta zinakupa raha ya kuangalia kilichotoka basi. Vidoti vyeusi vya kweli ni vikubwa zaidi, vimeinuka kidogo, havifanani saizi. Salisiliki asidi ya asilimia 2 inavifaa maana inayeyuka kwenye mafuta na kuingia ndani ya kishimo, na adapalini nayo inafaa.

Vimevimba, vinauma ukigusa, vingine vina kichwa cha usaha

Hii ndo watu wengi wanaiita chunusi. Kwenye picha za mtandaoni utaonyeshwa wekundu, ila kwa ngozi nyeusi mara nyingi wekundu huo huuoni, unaona zambarau au kahawia iliyokolea na unasikia joto. Wengi wanachelewa kutibu kwa sababu wanasubiri wekundu ambao hautakuja.

Kilichotokea ni kwamba ukuta wa kishimo umepasuka ndani, mafuta na bakteria vimemwagika kwenye nyama. Sasa fikiria ukiminya unafanya nini: kidogo kinatoka nje, kingi kinasukumwa ndani zaidi, kesho kipele kimekuwa kikubwa mara mbili na mwezi ujao una doa. Eneo la kati ya pua na pembe za mdomo ndo usiguse kabisa, damu ya pale ina njia ya kurudi ndani ya kichwa na maambukizi yanaweza kuifuata, ni nadra lakini yapo.

Anza na benzoili peroksaidi. Ya asilimia 2.5 inatosha, tafiti zilishaonyesha ile ya 10 haiponyi zaidi bali inaunguza zaidi. Inachujisha rangi ya nguo, kwa hiyo tumia taulo na foronya nyeupe, usije kuharibu kanga ya watu. Paka eneo zima linalotoaga chunusi, usipake doti juu ya kipele kimoja kimoja, maana unazuia vile ambavyo bado havijaonekana.

Klindamaisini ya kupaka ni nzuri ila isitumike peke yake, bakteria wanaizoea haraka, iende pamoja na benzoili peroksaidi. Doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, ni ya kuandikiwa na daktari na sio ya kukaa nayo mwaka mzima, kawaida ni miezi 3 hivi alafu mnaangalia tena. Unaimeza na maji mengi, hulali hapohapo maana inaunguza koo la chakula, na jua litakuchoma kuliko kawaida. Mjamzito haruhusiwi.

Dawa ya meno, limao, kitunguu saumu, majivu: hapana. Limao na jua la saa sita ni njia rahisi ya kupata doa la kuungua juu ya chunusi. Na msuguo wa singo ni mtamu kwa bi harusi asiye na kipele, ila ukisugua juu ya vipele vyenye usaha unavipasua.

Uvimbe mkubwa wa ndani, mgumu, unauma hata ukilala upande huo

Hakuna krimu ya dukani inayofika huko chini, usipoteze muda. Hii inaacha makovu ya mashimo na kwa watu wenye asili ya kuota makovu manene (keloidi) inaweza kuacha hayo kwenye taya, kifua na mabega. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, sio baada ya kujaribu kila kitu. Dawa yenye nguvu kuliko zote hapa ni isotretinoini ya kumeza, inapunguza tezi za mafuta zenyewe, lakini inaharibu mtoto tumboni vibaya sana, kwa hiyo mwanamke anapimwa mimba, anatumia uzazi wa mpango wa uhakika kabla, wakati wote wa dawa, na mwezi mzima baada ya kumaliza. Ukiona mtu anauza hiyo kwa inboksi bila kukuuliza chochote, mkimbie.

Usichanganye na jipu. Jipu ni moja, linakuja kwa siku chache, moto, linauma sana, bakteria wake mara nyingi ni Staphylococcus aureus. Na kama mavimbe yako kwapani au kinenani, yanapasuka na kurudi palepale miezi kwa miezi, huo ni ugonjwa mwingine kabisa wenye matibabu yake. Usione aibu kuusema.

Kidevuni na kwenye taya, vinakuja karibu na siku zako

Homoni. Kama hedhi inakuja vizuri kila mwezi na ni vipele viwili vitatu tu, endelea na adapalini au benzoili peroksaidi. Kama hedhi inaruka miezi, vinywele vinaota kidevuni au kifuani na uzito unapanda, pima, inaweza kuwa PCOS (tatizo la homoni linalohusu mayai ya uzazi) na hapo ngozi ni dalili tu ya kitu kingine.

Pia jiulize njia ya uzazi wa mpango. Sindano na kijiti vina homoni ya projestini peke yake na kwa baadhi ya wanawake vinaamsha chunusi, wakati vidonge vyenye homoni mbili mara nyingi vinazipunguza. Usikimbilie kutoa kijiti kwa hasira, ongea kwanza na muuguzi wa kliniki mchague nyingine, maana mimba usiyoipanga ni ishu kubwa kuliko kipele.

Vipele vidogo vingi, vyote saizi moja, na VINAWASHA

Weka kidole kwenye hilo neno la kuwasha. Chunusi ya kawaida inauma zaidi kuliko kuwasha, na inakuwa mchanganyiko, vidogo, vikubwa, vidoti vyeusi. Ukiona vyote vimefanana kama vimepigwa muhuri, viko kwenye paji, kifuani na mgongoni, na vilizidi kipindi cha joto lile la Januari na Februari au baada ya kumeza antibiotiki, basi shuku fangasi anayeitwa Malassezia. Yeye naye ni mkazi wa kawaida wa ngozi, anapenda mafuta na jasho, na antibiotiki inamuondolea washindani, ndo maana mtu anameza doksisaiklini na hali inakuwa mbaya zaidi. Shampoo ya ketokonazoli ya asilimia 2, paka kama sabuni, acha dakika 5, suuza, wiki mbili hivi. Nguo za mazoezi zilizolowa usikae nazo.

Ulipaka krimu, uso ukawa mzuri wiki za mwanzo, sasa vipele vimejaa na ukiacha vinalipuka

Hapa naomba tukae kidogo maana huku kwetu hii ni nyingi kuliko watu wanavyokubali.

Krimu nyingi za kung'arisha, na ule mkorogo unaochanganywa saluni na kuwekwa kwenye kopo lisilo na lebo, ndani zina steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Kuna na zile tyubu za bei rahisi zenye vitu vitatu kwa pamoja, steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki, ambazo watu wanapaka kwa kila kitu kuanzia mba hadi chunusi. Steroidi inazima uvimbe, kwa hiyo siku za mwanzo vipele vinanywea na uso unang'aa, unamwambia na dada yako. Baada ya wiki au miezi ngozi inakuwa nyembamba, kinga yake inashuka, na vinatoka vipele vidogo vinavyofanana kuzunguka mdomo, mashavuni, kifuani. Unaona vipele, unapaka zaidi. Vinatulia. Unaacha siku tatu, uso unawaka moto, unavimba, unarudi kupaka. Umeshafungwa.

Dalili nyingine za kukusaidia kutambua: vimishipa vidogo vinaonekana, uso unachoma jua likipiga kidogo tu, vinywele vinaongezeka mashavuni, masikio na vidole kwenye maungio vimebaki vyeusi wakati kwingine kumechujuka. Tanzania vipodozi vyenye steroidi, zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, Kenya na Rwanda nao wanazikamata, lakini sokoni bado vipo, na lebo ya "asili tupu" haikuhakikishii chochote.

Kutoka hapo kuna maumivu na ni vizuri uambiwe mapema. Ukiacha, hali itazidi kwanza, wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Huo mlipuko sio ushahidi kwamba krimu ilikuwa inakutibu. Osha uso kwa sabuni laini isiyo na harufu, paka losheni nyepesi, sanskrini (krimu ya kukinga jua), basi, hakuna skrabu, hakuna asidi, usijaribu kitu kipya. Daktari anaweza kukupa dawa ya kupunguza makali. Na kama ulikuwa unapaka mwili mzima kwa muda mrefu usiache ghafla bila daktari, maana steroidi inaingia kwenye damu na mwili unaweza kuwa umeacha kutengeneza ya kwake, ukikatisha unaishiwa nguvu, kizunguzungu, presha inashuka.

Ndevu na kisogo

Wanaume, vipele vinavyokuja siku moja au mbili baada ya kunyoa, chini ya kidevu na shingoni, ukiangalia vizuri unaona nywele imejikunja imeingia tena kwenye ngozi: hiyo ni nywele, sio chunusi. Nywele zetu zinajikunja, ukizikata chini kabisa kwa wembe ncha inakuwa kali na inachoma ngozi. Acha kunyoa mwezi mmoja, ukirudi tumia mashine iache milimita moja hivi, usivute ngozi ukinyoa. Vya kisogoni vinavyoanza kama vipele na kugeuka kuwa vigumu kama vinundu, mwambie kinyozi asishushe sana pale nyuma, na wahi daktari vikiwa bado vidogo, vikishaungana kuwa kovu moja kubwa kazi inakuwa nzito.

Nyingine za haraka haraka

Vipele vinafuata mkanda wa kofia ngumu, mkanda wa begi au ukingo wa barakoa: msuguano na jasho. Bodaboda osha kile kitambaa cha ndani ya helmeti, hasa ile ya abiria.

Vilianza baada ya dawa mpya: isoniazidi ya TB inaweza, fenitoini ya kifafa inaweza, steroidi za kumeza pia. Usiache dawa ya TB kwa ajili ya uso, mwambie tu daktari.

Vidoti vyeusi vilivyoinuka mashavuni kwa mtu mzima, haviumi wala haviishi na mama yako anavyo: vinyama vya kurithi, havina madhara. Vijipunje vyeupe vigumu chini ya macho navyo sio chunusi. Mtoto mchanga wa wiki tatu ana vipele usoni: maji safi tu, usimpake dawa yako.

Chakula? Ushahidi uliopo unaelekea kwenye sukari nyingi, wanga uliokobolewa na maziwa, na poda za protini za maziwa za watu wa jimu, kuliko mafuta ya kukaangia. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa kisiwa cha Kitava kule Papua New Guinea, watu 1,200 walikaguliwa na hakuna hata mmoja aliyekutwa na chunusi, wanakula mizizi, matunda, samaki na nazi. Haithibitishi kwamba chakula peke yake ndo sababu, ila soda mbili kwa siku zipunguze uone.

Chunusi zimeisha, madoa yamebaki

Doa bapa ni melanini iliyomwagika kipele kilipovimba, sio kovu, na linaisha lenyewe ila kwa miezi, la ndani zaidi hata mwaka. Jua linalirudisha nyuma kila siku, kwa hiyo sanskrini yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 na kuendelea hata kama we ni mweusi tii. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 ndo chaguo langu la kwanza, inatibu chunusi na doa kwa pamoja na hata mjamzito anaweza kuitumia. Ukienda kutafuta krimu kali ya kutoa madoa unarudi kule kwenye mkorogo. Shimo au uvimbe wa kovu ni suala jingine, krimu hazijazi shimo.

Nimepaka wiki mbili sioni kitu

Wiki mbili ni mapema mno. Kumbuka kizibo kinachukua mpaka miezi miwili, kwa hiyo dawa inapimwa kwa wiki 8 hadi 12, na adapalini inaweza kuongeza vipele wiki za mwanzo kabla haijatuliza. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima. Uso ukikauka na kubanduka paka siku moja ruka moja, na losheni juu yake. Anza kitu kimoja, kingine baada ya mwezi, la sivyo uso ukiwaka hutajua nani kauwasha.

Wiki 12 zimepita na hakuna nafuu, au kuna makovu yanaanza, au umeacha kutoka nje kwa sababu ya uso, nenda kwa mtaalamu wa ngozi. RDTC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, imekuwa ikifundisha wataalamu hawa tangu 1992, na baadhi yao utawakuta kwenye hospitali za mikoa, uliza. Ukienda beba kila unachopaka na kumeza, sabuni, mafuta ya nywele, vidonge, na lile kopo lisilo na lebo hasa hilo.